Bi Tabu wa Sehemu ya Pili

Ansbert aliitafuta kazi ya ofisini mpaka miguu ikavimba, na viatu vya baba yake mdogo, vilivyokuwa vikimpwaya siku aliyoshuka basi kutoka Muleba, vikamtosha. Kila alipokwenda aliambiwa arudi wiki ijayo. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza safi, kile cha kusoma gazeti zima bila kukwama, lakini mji ulikuwa umejaa watu wenye vyeti. Ndipo siku moja, huko Tandika, akajikuta amesimama mlangoni mwa kibanda cha mabati, mbele ya mtu aliyevaa msuli na fulana yenye matundu.

"Kazi ipo," yule mtu akamwambia. "Kukaa kwenye joto unaweza?"

Huyo alikuwa Mashaka, Mzaramo wa hapohapo, mwenye kibanda cha gemu. Ilikuwa miaka ile vitu vya Dubai vilipoanza kumwagika mjini, na kitu ambacho zamani ungekikuta kwa mkubwa fulani tu sasa unakikuta uswahilini, kimewekwa juu ya kreti la soda. Mashaka alikuwa na televisheni moja, mashine moja ya gemu, na kaseti chache ambazo shemeji yake baharia alimletea. Umeme ukiwapo, kibanda kinajaa. Ukikatika, kwa sababu mgao ulikuwa haueleweki, watu wanabaki wamekaa gizani wakitoka jasho, wakisubiri, na hakuna anayeondoka asije akapoteza nafasi yake kwenye benchi.

Hapo penyewe ndipo palipomshangaza Ansbert. Hawakuwa wanasubiri kucheza. Wengi wao hawakucheza kabisa. Walikuwa wanasubiri kusikiliza.

Maana kaseti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na maandishi ya Kijapani. Yakitokea kwenye kioo yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika, na hakuna mtu Tandika nzima aliyejua yanasema nini. Sasa Mashaka akawa anasimulia. Mmoja anacheza, yeye amesimama pembeni na kijiti cha fagio, anaonyesha na kueleza. Yule mwanamume mwenye mkuki anayerukaruka alimpa jina la Chande. Chande anatafuta ngoma ya mvua, imeibwa na Mfalme wa Ukungu, na kijiji chake kinakufa kwa kiu. Kila pango lina habari yake, kila popo ana ukoo wake. Mashaka alikuwa na sauti ya kuadhini, ingawa msikitini hakuonekana sana, na akifika mahali Chande anapobakiwa na roho moja, hata wauza maji walikuwa wanaegesha mikokoteni mlangoni.

Na ndani ya pango la tatu alikuwamo Tabu.

Huyo alikuwa bibi kizee mwenye kibiongo, amekaa karibu na moto. Chande akifika kwake taabani, bibi anatoa kichupa cha kijani, Chande anakunywa, nguvu zinarudi. Jina alilipata hivi. Nje ya kibanda, tangu kabla hakijajengwa, palikuwa na mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa akikaanga vitumbua, jina lake Bi Tabu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo yeye na Mashaka hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine. Siku kaseti ile ilipowashwa mara ya kwanza, Bi Tabu alichungulia dirishani na kusema:

"We mtumwa wangu, umenunua redio ya picha, na hiyo fulana je, utanunua lini?"

Mashaka hakugeuka hata shingo. Akanyoosha kijiti kwenye kioo. "Jamani, mmemwona huyo bibi mwenye nundu? Ndiye Tabu huyo, Mnyamwezi. Kabeba mizigo ya misafara mpaka mgongo umepinda!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Tabu akacheka kuliko wote. "Na hicho kichupa ni dawa," akasema. "Nakuponyeni upele wenu, Wazaramo nyie, ingekuwa si mie mngekwisha."

Basi ikawa hivyo. Akawa mganga. Watoto wakimnunulia vitumbua walikuwa wanasema, "Bi Tabu, tupe nguvu," naye anawapa huku anajibu, "Nenda kapige popo." Alipenda, hilo halifichiki. Jioni moja alimwuliza Ansbert kwa sauti ya chini, "Eti, leo nimemponya?" Ansbert akamjibu kwamba amemponya mara mbili.

Bi Tabu ndiye aliyemfanya Ansbert aone Tandika ni mahali pa kuishi. Mpishi wa vitumbua ana desturi: akishapasha chuma chake moto, anamimina kimoja cha kwanza, cha kujaribia mafuta. Hicho hakiuzwi. Mara kinanata, mara kinaungua upande mmoja. Wengine huwatupia kuku. Bi Tabu alimwekea Ansbert. Asubuhi, kabla hajafungua mlango wa kibanda, Ansbert alikuwa anainama, "Shikamoo bi mkubwa," na yeye, "Marahaba mwanangu, shika, usije ukaanguka huko ndani ukaniletea kesi," na kitumbua cha moto kinahama kutoka mkono hadi mkono. Mtu aliyetoka mbali na kwao anajua kitu kama hicho kina uzito gani.

Kisha baba yake Mashaka akapooza upande, na Mashaka akalazimika kuhamia Pugu akatunze mzee na shamba. Akamwachia Ansbert funguo, mashine na kijiti cha fagio. Haikupita muda, shemeji baharia akarudi safari, na kwenye mkoba wake kulikuwa na kaseti ambayo Tandika ilikuwa imeiota. Chande yuleyule. Mkuki uleule. Sehemu ya pili.

Ansbert aliijaribu peke yake asubuhi, mlango umefungwa. Tangu achukue kijiti watu walikuwa wanamsikiliza, ndiyo, lakini wanamsikiliza kama vile mtu anavyokunywa chai isiyo na sukari. Akikosea popo, wanamrekebisha. "Mashaka hasemagi hivyo." Sasa hapa palikuwa na kaseti ambayo Mashaka hakuwahi kuiona. Kila neno lingekuwa lake.

Akacheza mpaka pango la nne. Bibi mwenye kibiongo alikuwapo, kando ya moto wake. Chande akamkaribia. Bibi akasimama, mgongo ukapasuka kama ganda la korosho, na ndani yake likatoka joka refu, linatema moto wa kijani. Rangi ileile ya kichupa. Maandishi ya njiti yakatiririka chini ya kioo, yakaondoka.

Ansbert alikaa muda mrefu, pedi ya kuchezea ikiwa mapajani. Yale maandishi yangeweza kusema kitu chochote. Huenda joka limemmeza bibi wa watu na kuvaa sura yake. Huenda huyu ni bibi mwingine kabisa. Alikuwa huru kuchagua, hilo alilijua vizuri asubuhi ile, na baadaye alishindwa kabisa kujidanganya kwamba hakulijua. Lakini alifikiria nyuso za watu kwenye benchi. Alifikiria kimya kitakachowapata. Akachagua lile litakalowastua zaidi.

Jioni yake kibanda kilijaa mpaka mabati yakalia. Ansbert akasimama na kijiti. Mgongo wa bibi ulipopasuka watu walipiga yowe, na juu ya yowe lile akapaza sauti:

"Mlidhani anamponya! Tabu ndiye joka, tangu siku ya kwanza! Ile dawa ya kijani ilikuwa sumu ya kulea. Alimnenepesha Chande taratibu, kidogokidogo, aje amle! Na ngoma ya mvua aliyeiiba ni nani? Ni yeye!"

Kimya kikaja, kilekile alichokitamani. Kisha vurugu. Watu wakasimama juu ya benchi. Mtu akamwambia mwenzake ampishe aone vizuri huyo mchawi. "Piga! Piga kichwa! Ua!" Chande alipolichoma joka mkuki wa mwisho, kibanda kilitikisika, na Ansbert akatoka nje shati limemganda mgongoni, akihisi kwa mara ya kwanza tangu aje mjini kwamba anajulikana.

Bi Tabu alikuwa ameshafunga jiko na kwenda zake. Hakusikia.

Kesho yake ubishi ulihamia kwa Elinaza, kinyozi wa jirani, Mpare mmoja mpenda maneno ambaye hukunyoa nusu kichwa akasimama kubishana. Ansbert aliusikia wote kupitia ukuta wa bati.

"Kaiua hadithi," Elinaza alisema. "Nakwambia kaiua. Mtu kanijengea nyumba, nimelala humo mwaka mzima. Anakuja fundi mwingine ananiambia ukuta ule ulikuwa karatasi tangu siku ya kwanza. Huyo kajenga au kabomoa?"

"Lakini braza, ulistuka, hukustuka?" Huyo alikuwa Hija, fundi baiskeli, kijana asiyekosa benchi la mbele.

"Nilistuka."

"Basi kazi yake kaifanya."

"Hata ukipigwa kofi usingizini unastuka, we Hija. Utamshukuru aliyekupiga?"

"Mie naona kaikuza. Ile ya kwanza ilikuwa ya watoto, bwana. Bibi mwema, kijana mwema, mvua inanyesha. Dunia ya siku hizi iko hivyo? Siku hizi anayekuchekea ndiye anayekumaliza."

"Sasa nikiirudia ile ya kwanza, nikimwona bibi anatoa kichupa, nifurahi au niogope? Ameniharibia mpaka ile niliyokwisha kuila! Iko tumboni, na kaiharibu hukohuko!"

Watu walicheka. Ansbert alicheka pia, peke yake, upande wa pili wa bati. Alifikiri huo ndio umaarufu.

Mwanzo ilikuwa mizaha. Vijana wanapita, "Bi Tabu, leo kuna sumu ya kulea?" Naye, ambaye alikuwa amepewa habari nusunusu, anajibu, "Ipo, mbona mmenenepa?" Mvua za masika zikaanza. Vyoo vikafurika, visima vikachafuka, watoto wakaharisha mtaa mzima kama kila mwaka. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Felicitas, mshonaji wa nyumba ya tatu, na mtoto huyo alikuwa amekula vitumbua. Felicitas hakumshtaki mtu. Alisema tu bombani, mbele ya ndoo zote, "Mie sisemi kitu. Ila siku hizi mtu unaogopa. Yule mama anaishi peke yake, hana mtoto, hana mjukuu, na watoto wa watu wanamkimbilia kila siku. Sisemi kitu."

Na hakuhitaji kusema. Hakuna aliyeamini kwamba joka la kwenye televisheni ni Bi Tabu. Ungemuuliza yeyote angekucheka. Lakini asubuhi mtu akifika kwenye njia panda, upande huu kuna vitumbua, upande ule kuna maandazi, mguu unakwenda wenyewe kwenye maandazi.

Ansbert alikuwa anaona sinia. Zamani ingefika saa nne limebaki na makombo. Sasa kitambaa kilikuwa bado kimeinuka, kimejaa, na Bi Tabu anapunga nzi kwa kipande cha boksi. Hakulalamika. Alianza kupunguza mchele wa kusaga. Ila kile cha kwanza, cha kujaribia mafuta, kiliendelea kumsubiri Ansbert.

"Shika mwanangu. Leo kimetoka vizuri, hata hakikunata."

Asubuhi hiyo Ansbert alikipokea, akafungua kufuli, akakisogeza mdomoni. Na mdomo ukakataa. Wacha nieleze hili polepole, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Yeye ndiye aliyetunga. Yeye peke yake, duniani kote, ndiye aliyejua ni uongo, maana aliuchagua akiwa amekaa pale pale. Na bado, akiwa na kitumbua mkononi, akamkumbuka mtoto wa Felicitas, akaona kijani kimepita machoni pake. Akatoka nyuma ya kibanda, akakitupa mtaroni.

Alipoinua macho, Bi Tabu alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji machafu, amekuja kuyamwaga. Alikitazama kitumbua kinavyoelea. Alimtazama Ansbert. Kisha akamwaga maji yake taratibu, mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kukirushia tope, akaondoka.

Kesho yake hakuwapo. Mahali pa jiko lake palikuwa na duara jeusi la majivu na mawe matatu. Alikuwa amehamia kule bombani kwa juu, karibu na karakana za mbao, ambako hawamjui.

Habari zikafika Pugu, na Mashaka akaja akiwa na kikapu cha mihogo na hasira aliyoitunza njia nzima. Alimkuta Ansbert amekaa kwenye duara lile la majivu.

"Hebu nisimulie," akasema. "Nisimulie kama ulivyowasimulia wao."

Ansbert akasimulia. Sauti yake iligoma kupanda. Mashaka alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa ncha ya msuli.

"Mie yule nilimwita Tabu kwa sababu ni mtani wangu. Namtukana, ananitukana, tumemaliza. Nikifiwa atakuja kuniibia sufuria niikomboe. Akifa, Mungu apishe mbali, mie nitalala kaburini nizuie asizikwe mpaka nipewe changu. Hiyo ni haki yangu, nimezaliwa nayo. Wewe Mhaya una utani gani na Mnyamwezi?"

"Sijui, kaka."

"Hujui, na hukuuliza! Umeokota kisu changu jikoni ukaenda nacho barabarani. Na mtani naye ana mpaka. Mie nilimpa kibiongo. Uchawi sikumpa. Uchawi hautaniwi kwa mwanamke anayeishi peke yake, hata mtoto mdogo anajua."

"Nitabadilisha hadithi," Ansbert akasema. "Nitawaambia joka lilimmeza Tabu wa kweli, yumo ndani, anangoja kuokolewa."

Akajaribu jioni hiyohiyo. Hakumaliza hata sentensi ya pili.

"Acha kamba wewe!" Hija akaruka. "Juzi ulisema tangu siku ya kwanza!"

"Anamuonea huruma mama vitumbua!"

"Ama kashalishwa naye!" Kicheko kikapasuka, na Ansbert akashusha kijiti.

Basi Mashaka akasema atakwenda mwenyewe. Kuna mambo hayaombewi radhi kwa maneno laini, yanahitaji mtani ayabebe, ayafanye mzaha, yaishe. Walimkuta Bi Tabu anapanga mkaa. Ansbert akasimama nyuma, mikono hajui aiweke wapi.

"We mjakazi!" Mashaka akaanza kwa mbwembwe zake. "Nimeondoka miezi miwili tu, umetoroka na jiko langu! Nimekuja na kamba nikufunge nikurudishe!"

Bi Tabu aliendelea kupanga mkaa, kipande kwa kipande.

"Leo sina utani, Mashaka," akasema.

Yeye na Mashaka walikuwa wametaniana mpaka misibani. Na hakuna siku ambayo mmoja alimfungia mwenzake mlango huo. Kikapu cha mihogo kilimlegea Mashaka mkononi. Ansbert aliona uso wa mtu mzima ukivunjika, na akatamani yale majivu ya Tandika yangekuwa na kina, ayaingie.

"Mnasema nimekuwa kitu huko," Bi Tabu akaendelea, sasa akimtazama Ansbert. "Kila mtu amekiona isipokuwa mie. Mie sijawahi kuingia humo ndani, nilikuwa nachungulia dirishani. Nataka nikione."

Alikuja siku ya pili mchana, umeme upo, amevaa kanga ya kutokea. Kibanda kilikuwa kimejaa, na watu waligandamana kumpisha kama wanapisha jeneza. Akakaa benchi la mbele, kati ya Hija na Elinaza. Mashaka alibaki mlangoni. Ansbert akachomeka kaseti ya kwanza.

Hakusimulia. Alicheza tu, mpaka pango la tatu. Bibi mwenye kibiongo akatoa kichupa chake.

"Ndiye mie huyu?" Bi Tabu akasogea mbele. Uso ukamlainika. "Kumbe nina moto mzuri hivi. Na hiki kitambaa nilichojifunga ni chekundu. Dirishani kilikuwa hakionekani." Kisha akajirudisha nyuma. "Haya. Weka hiyo nyingine."

Ansbert akaweka nyingine. Alitamani umeme ukatike. Ulikuwa umekatika kila siku ya mwezi ule, na siku hiyo haukukatika. Pango la nne. Bibi akasimama. Mgongo ukapasuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Joka likanyanyuka, likatema moto. Ansbert akaweka pedi sakafuni. Chande akasimama kama mlingoti, akaunguzwa, akaanguka, roho moja ikapotea. Akarudi, akasimama, akaunguzwa tena.

"Mbona hupigi?" Bi Tabu akauliza.

"Siwezi, bi mkubwa."

"Na hawa ulipowaambia wapige, uliweza?"

Roho ya mwisho ikaondoka. Kioo kikawa cheusi, maandishi ya njiti yakajipanga katikati. Ansbert akageuka kuwatazama watu. Alijua neno moja tu ndilo litakalomsafisha mama huyu, na alijua litabomoa nini. Alimtazama Mashaka mlangoni, na Mashaka, aliyekwisha kuelewa, akatazama chini.

"Haya maandishi siyajui," Ansbert akasema. "Hayasemi kama Tabu ni joka. Hayasemi kama kuna Tabu. Nilikaa hapa asubuhi peke yangu, nikatunga, kwa sababu nilitaka mnisifu. Hakuna chochote cha kweli humo. Nimetunga mie."

"Ya pili umetunga," Elinaza akasema polepole. "Sawa. Na ya kwanza?"

Macho ya watu yakahamia mlangoni. Mashaka alikuwa na kijiti cha fagio mkononi. Haijulikani alikiokota saa ngapi.

"Ya kwanza pia," akasema Mashaka.

"Ngoma ya mvua?"

"Ngoma ya mvua."

"Hata jina la Chande?"

"Chande ni mjomba wangu wa Kisarawe. Hajawahi hata kushika mkuki."

Mtu mwingine angecheka. Bila shaka walikuwa wanajua, nani asingejua, Mashaka hakuwahi kusoma Kijapani popote. Lakini kuna kujua, halafu kuna kuambiwa. Hija, mtetezi wa sehemu ya pili, alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Akasimama, akatoka, na wengine wakamfuata mmojammoja bila kelele, mpaka benchi likabaki na Elinaza na Bi Tabu. Elinaza naye akanyanyuka. Akamwinamia yule mama.

"Bi Tabu, asubuhi uko kule bombani? Nitatuma mtu aniletee."

"Nipo," akasema.

Elinaza na Mashaka walipotoka, Bi Tabu akajifunga kanga vizuri. Hakuwa na hasira usoni. Ansbert angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Hao ni watu wa kusikia," akamwambia. "Mtu akisikia jambo, linamwingia. Felicitas simlaumu, ana mtoto. Lakini wewe ulikuwa unajua ni uongo. Kile kitumbua ulikitupa kwa nini?"

Ansbert alifungua mdomo. Alikuwa na Kiingereza chake, alikuwa na Kiswahili, alikuwa na Kihaya cha bibi yake, na katika vyote hivyo hakupata neno. Bi Tabu alimngoja, alimngoja kweli, kama mtu anayetaka kujua. Kisha akatoka.

Kibanda kiliendelea, lakini kikawa kibanda cha gemu tu, kama vingine. Watu wanakuja, wanacheza, wanaondoka. Bombani sinia lilianza kuisha tena. Mafundi mbao walikuwa na njaa nzuri, na watu wa chini walianza kupanda huko, kwanza Elinaza, kisha siku moja hata Felicitas, ameshika mtoto mkono. Mashaka akija kutoka Pugu alipita huko kwanza, na ikasemekana mama yule ameshaanza kumtukana tena, kidogokidogo.

Ansbert alichelewa kwenda. Alipojikaza, alifika asubuhi mapema, chuma kikiwa ndiyo kwanza kimewekwa jikoni. Akainama, akamwamkia. Bi Tabu akaitikia, marahaba, hujambo. Akamimina kile cha kwanza. Kikachemka, akakigeuza kwa kijiti chake, kikatoka vizuri, chekundu pande zote. Akakiweka pembeni ya sinia kipoe, akamimina vingine, akavifunga vitatu katika karatasi, vizuri, ncha zimekunjwa, akampa Ansbert kwa mikono miwili kama anavyompa mtu yeyote.

"Asante, mteja," akasema. "Karibu tena."

Na kile cha kwanza, wakati Ansbert bado amesimama, akawakatia kuku.